Nyumba iliyotengenezwa msingi, nyumba iliyopakwa rangi mpya na nyumba yenye ufa wazi: ipi ununue Unguja?

Mdogo wangu aliporudi kutoka Muscat alikuwa na haja moja: nyumba ya vyumba vitatu ya kumweka mama, isiyo mbali na mjini, yenye uwa wa kuchezea wajukuu. Kazi ya kutafuta akaniachia mimi. Nilizunguka na madalali miezi minne, mwisho tukabaki na nyumba tatu. Ya kwanza iko upande wa Fuoni. Msingi wake uliwahi kutitia ukatengenezwa, na mwenyewe alitwambia hivyo kabla hata hatujakaa. Ya pili iko Kwarara, inang'aa kwa rangi, na dalali aliapa haina dosari. Ya tatu iko upande wa Mtoni, nyumba ya urithi, ukuta wa nyuma una ufa unaopitisha kidole, na bei yake ni karibu nusu ya ile ya Kwarara. Ya Fuoni bei yake ilikuwa baina ya hizo mbili.

Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: ya Fuoni iacheni, nyumba iliyokwisha kuzama itazama tena. Na mimi nilianza na fikra hiyo hiyo. Sasa sinayo, na naandika haya kwa ajili ya mtu aliyesimama pale nilipokuwa nimesimama, fedha za jasho la nduguye mkononi, hajui ashike ipi.

Kabla ya nyumba, udongo

Wakulima wetu wana majina ya udongo ambayo mnunuzi wa nyumba anapaswa kuyajua kama anavyojua bei. Kinongo ni ule mwekundu, maji yanapita ndani yake bila taabu, na nyumba hukaa juu yake kwa amani. Kichanga ni udongo wa mchanga, hubeba vizuri maadamu maji hayakipati njia ya kukikokota. Uwanda ni ardhi ya mawe, ile ya Makunduchi, Jambiani na Paje, ambako jiwe liko karibu na uso wa ardhi. Huko msingi unakaa juu ya mwamba, ila mwamba wenyewe una mashimo na mapango, na unaweza kukuta kona tatu za nyumba zimekaa juu ya jiwe na ya nne imekaa kwenye mfuko wa udongo. Hiyo ya nne ndiyo itakayoshuka.

Kinamo ndiyo habari yenyewe. Ni udongo mzito wa mabondeni, unaopendwa na mpunga. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka mipasuko ya kutia mkono. Nyumba iliyojengwa juu yake inanyanyuliwa masika na kushushwa kwenye jua la kaskazi, mwaka baada ya mwaka. Tena hainyanyuliwi yote kwa pamoja: upande wenye karo (shimo la maji machafu) linalovuja unabaki umelowa, upande unaopigwa na jua unakauka. Kona moja ikishuka na nyingine ikibaki, ukuta wa matofali ya saruji hauwezi kupinda, basi unapasuka. Ufa wake unafuata viungo vya tofali, unapanda kama ngazi kutoka pembe ya dirisha.

Mji umekua, na sehemu kubwa ya viwanja vipya imeingia mabondeni na kwenye maziwa ya zamani. Mwanakwerekwe sote tunaikumbuka barabara ilivyokuwa ikigeuka bwawa masika yakiingia. Kwa hiyo suali la kwanza usimuulize dalali. Muulize mtu mzima wa jirani: hapa zamani palikuwa na nini? Akikwambia palilimwa mpunga, umeshajua nusu ya unachotaka kujua.

Pemba hali ni nyengine kidogo. Kule ni vilima, na mtu hukata mteremko apate kiwanja, udongo uliokatwa juu akaumwaga chini kusawazisha. Nyumba inakaa nusu juu ya ardhi asili, nusu juu ya kifusi. Ukienda kutazama nyumba Wete au Mkoani, tafuta ufa unaokata nyumba katikati, unaokingama mteremko. Pale ndipo kifusi kilipoanzia.

Nyumba ya Fuoni

Mwenye nyumba ni mama wa makamo, mjane. Alitukaribisha barazani, akatutilia chai, kisha akasema, "Mwanangu, kabla hujaipenda, nikuoneshe aibu yake." Akatupeleka jikoni. Juu ya dirisha, kwenye ufa wa zamani uliozibwa, palikuwa na kipande cha kioo chembamba, urefu wake kama kibiriti, kimegandishwa kwa saruji ncha zote mbili, ncha moja upande huu wa ufa na nyengine upande wa pili. Chini yake pameandikwa tarehe kwa penseli, ya miaka mitatu nyuma. Kioo kilikuwa kizima.

Sikukielewa mpaka mhandisi tuliyerudi naye aliponieleza. Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea kiasi cha unywele kinakatika, wala huhitaji kipimo chengine. Miaka mitatu ni masika matatu ya kuvimba na kaskazi tatu za kukauka, na kioo kimesimama.

Mama yule alikuwa na picha kwenye simu za kila siku ya kazi. Ndani yake nilijifunza namna msingi unavyotengenezwa, na nataka ulijue hili vizuri kwa sababu ndilo litakalokutenganishia ukarabati wa kweli na wa kuziba macho.

Mafundi hawakuchimba ukuta mzima. Walichimba kipande cha kama mita moja chini ya msingi wa zamani, wakaacha vipande kadhaa bila kuguswa, wakachimba chengine mbali na kile cha kwanza. Kila shimo lilishuka mpaka wakapata ardhi ngumu, pale isiyobadilika masika wala kaskazi. Kwenye kinamo hiyo huwa zaidi ya mita moja, pengine mbili. Wakamwaga zege, wakaacha nafasi ndogo baina ya zege jipya na msingi wa zamani, na zege lilipokauka wakaishindilia ile nafasi kwa saruji na mchanga mkavukavu mpaka uzito wa ukuta ukakaa juu ya msingi mpya. Ndipo wakahamia vipande vilivyobaki. Fundi anayechimba ukuta wote kwa siku moja ili amalize haraka anaiondolea nyumba miguu yote kwa pamoja. Ukioneshwa picha ya handaki refu mfululizo chini ya ukuta, kazi ile ilifanywa vibaya hata kama nyumba haikuanguka.

Lakini lililonibadilisha moyo lilikuwa nje. Karo la zamani lilikuwa hatua mbili kutoka ukuta wa jiko, na lilikuwa likivuja. Wamelifukia na kujenga jengine mwisho wa uwa, upande wa mteremko. Bati lilikuwa likimwaga maji ya mvua mguuni mwa ukuta. Wametia mifereji ya bati na bomba linalopeleka maji mpaka kwenye mtaro wa njiani. Wamezungusha nyumba kwa zege lenye mwinamo wa kuelekea nje, upana wa hatua moja, ili maji yasikae karibu na msingi.

Hiyo ndiyo tafauti. Msingi hauzami wenyewe, kuna kinachouzamisha, na aghlabu ni maji. Aliyetia zege jipya akaliacha karo linavuja ametibu homa akaacha donda. Mama yule aliondoa sababu kwanza, kisha akatengeneza msingi.

Kuna kasoro, na sitaificha. Uliotiwa msingi mpya ni upande wa jiko tu, kama theluthi ya nyumba. Upande ule sasa umekaa juu ya ardhi ngumu, uliobaki bado uko juu ya kinamo, na panapokutana sehemu hizo mbili ndipo ufa mpya hupenda kuzaliwa. Mhandisi alitwambia tutazame pale, kwenye ukuta wa kati baina ya jiko na chumba cha pili. Tulitazama kwa kurunzi. Palikuwa na ufa mmoja, mwembamba kuliko milimita moja, kwenye lipu.

Nyumba ya Kwarara

Nzuri kwa macho. Marumaru mpya, dari mpya, geti la chuma. Dalali akasema, "Dada, hii unaingia na shanga zako tu, huna la kutengeneza."

Nilianza kuona mambo madogo madogo. Lipu ya chumba kimoja ilikuwa mpya kutoka kiunoni kushuka chini, vyumba vyengine ni ya zamani. Marumaru za kona moja ya ukumbi zilikuwa na rangi kidogo tafauti na nyengine, kama zilizotiwa baadae. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umepigwa randa juu, mshazari, upande mmoja umeliwa zaidi ya mwengine. Mlango hupigwa randa hivyo pale fremu inapokuwa imekwenda upande. Nikatoa gololi ya mwanangu mkobani nikaiweka katikati ya ukumbi. Ilikwenda yenyewe mpaka kwenye ile kona ya marumaru mpya.

Huenda si kitu. Sakafu hujengwa na mwinamo kwa bahati mbaya ya fundi tu. Nilimuuliza dalali palikuwa na nini pale, akasema hapana kitu. Nikaomba picha za ujenzi, hakuna. Nikaomba kuzungumza na mwenye nyumba, yuko safarini. Jirani mmoja alinambia palikuwa na mafundi mwezi uliopita, wa rangi na lipu.

Hapa nataka kusema jambo linalotuhusu sisi kama Waislamu, maana nyumba nyingi hapa zinauzwa baina yetu. Fiqhi imelimaliza suala hili zamani. Muuzaji anayejua aibu ya anachokiuza ni wajibu wake kuibainisha, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana khiari ya kuirejesha bidhaa. Mama wa Fuoni alianza na aibu. Dalali wa Kwarara alianza na shanga. Mimi siwezi kumhukumu mtu kwa kona ya marumaru, lakini nilitoka pale sijui hata jambo moja kuhusu msingi wa nyumba ile, na kutojua kule ndiko nilikokuwa nikitakiwa kukulipia bei kubwa kuliko zote tatu.

Watu wakilinganisha nyumba iliyotengenezwa na isiyotengenezwa hudhani wanalinganisha mbovu na nzima. Kwenye udongo wa aina moja, mara nyingi wanalinganisha nyumba iliyokwisha kujulikana maradhi yake na nyumba ambayo bado haijapimwa.

Nyumba ya Mtoni

Ufa wake ulikuwa mpana juu, mwembamba chini, yaani kona ya nyuma inashuka na kuuvuta ukuta. Ulipita kwenye tofali zenyewe, si kwenye viungo peke yake. Kwa kipimo cha wahandisi, ufa wa chini ya milimita 1 ni wa lipu na rangi. Wa kuanzia 5 mpaka 15 unabanisha milango na madirisha. Ukishafika 15 mpaka 25 utabomoa sehemu ya ukuta ujenge upya. Huu ulikuwa kwenye 15. Hatua tatu kutoka ukutani pana mfenesi mkubwa, na mti mkubwa kwenye udongo wa kinamo hunywa maji mengi wakati wa kiangazi mpaka ardhi inanywea upande wake.

Naipenda nyumba hii kuliko nilivyotarajia. Haikufichi kitu. Kama una mhandisi wako, fundi wako, na mahali pa kukaa wakati wa kazi, unaweza kuinunua kwa bei ya chini ukatengeneza kwa namna unayoijua, na mwisho wake ukawa na msingi ulioushuhudia kwa macho yako. Ila usidhani lile punguzo ni faida. Toa ndani yake gharama ya zege na nondo kwa kila mita ya ukuta, mchanga ambao siku hizi si wa kuokota, kodi ya nyumba utakayokaa kwa muda, na akiba ya yale yatakayoonekana shimo likishachimbwa. Hayo ya mwisho ndiyo yanayowavunja watu. Tena usiukate mfenesi siku ya kwanza ukadhani umemaliza: mti ukiondoka kwa ghafla, kinamo kilichokuwa kikavu hurudi kunywa maji na kuvimba, na nyumba ikanyanyuka badala ya kushuka. Muulize mhandisi kabla ya kushika shoka.

Kilichotuzuia Mtoni hakikuwa ufa. Warithi ni saba, mmoja yuko Mombasa, mmoja bado mtoto, na mirathi haijagawiwa. Nyumba ya namna hiyo haiuziki mpaka mambo yapite Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au mahkamani, na mtu anayekuharakisha ulipe kabla anakuingiza katika ugomvi wa ukoo usio wako.

Mji Mkongwe ni mambo mengine

Kuna anayeuliza kuhusu nyumba za mawe. Kule hesabu yote inabadilika. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na unavuta unyevu na kuutoa. Ukarabati wa saruji, unaoipendeza nyumba ya Fuoni, kule unafungia maji ndani ya ukuta na kuulegeza taratibu. Kwa hiyo ukiambiwa nyumba ya Shangani au Malindi "imeshatengenezwa msingi", suali lako liwe: kwa chokaa au kwa saruji? Na kwa kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, au kwa siri usiku? Tena kazi yenyewe ni ya hatari. Beit al-Ajaib, jengo la 1883, lilianguka sehemu tarehe 25 Disemba 2020 likiwa kwenye ukarabati. Ukuta mkongwe huwekewa mihimili kabla haujaguswa, na wewe mnunuzi una haki ya kuuliza uliwekewa vipi.

Makaratasi, kwa ufupi

Ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali. Unachonunua ni jengo pamoja na haki ya kutumia ardhi, chini ya Sheria Namba 12 ya 1992, na uhamisho wake unapita Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi. Hakikisha hati Kamisheni ya Ardhi, na nenda kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, maana sheha anajua nani aligombana na nani juu ya mpaka. Kwa nyumba iliyotengenezwa, ongeza jambo moja: mkataba wa mauziano uandike ukarabati wenyewe. Sehemu gani ya msingi, mwaka gani, mhandisi gani alisimamia, na picha ziambatishwe. Utakapouza wewe kesho, utamuonesha mnunuzi karatasi hiyo hiyo.

Na wakati wa kutazama usichague siku ya jua. Nenda mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, usimame uwani uone maji yanaelekea wapi. Kisha rudi Februari, ardhi imekauka, uone milango inavyofunga. Kama huwezi kungoja misimu miwili, angalau omba ushahidi wa aliyeingoja, ndiyo maana kile kioo cha jikoni kilikuwa na thamani kuliko rangi yote ya Kwarara.

Tulichoamua

Kwa mtu mwenye fedha za kulipa mara moja tu na mama wa kumhamishia, nilichagua Fuoni. Kama ningekuwa fundi, au kama warithi wa Mtoni wangekuwa wamemaliza mambo yao, ningeifikiria ile. Kwarara ningeirejelea kwa sharti moja: mwenye nyumba akubali mhandisi achimbe shimo moja dogo pembeni mwa ile kona, afike chini ya msingi, atazame. Tuliomba. Jibu lilikuwa hapana.

Mama wa Fuoni alikubali kupunguza bei kwa ajili ya theluthi mbili zisizotiwa msingi mpya, na sisi tukakubali kwamba hatutamdai chochote kwa ufa wa ukuta wa kati, maana tumeuona tukaujua. Yote yaliandikwa. Siku ya kukabidhiana funguo alitutembeza tena nyumba nzima, akatuonesha mfuniko wa karo jipya na namna ya kuusafisha mfereji wa bati kabla ya vuli, majani yasije yakauziba.

Wiki ile ile fundi alituwekea kipande cha kioo chetu juu ya ule ufa mwembamba. Mdogo wangu aliandika tarehe kwa penseli. Masika yamepita, mvua mwaka huu ilikuwa kubwa, na mama hulitazama dirisha lile kila asubuhi akiweka birika motoni. Kioo cha jikoni kizima. Kile chetu cha ukuta wa kati kimepata mstari mwembamba upande mmoja, bado hakijakatika, na mhandisi atakuja wiki ijayo kukitazama.